Ukiona jiwe laelea: namna ya kupima na kuchagua kikusanyaji cha shaba

Kalkopiriti, lile jiwe la shaba lenye rangi ya dhahabu iliyochujuka, ni nzito mara nne na kitu kuliko maji. Kwatzi inayokaa nayo kwenye mwamba mmoja haifiki hata mara tatu. Vitie vyote viwili kwenye ndoo, vitazama, na kalkopiriti itatangulia. Ndani ya seli ya kuelesha, yaani chombo ambamo hewa hupulizwa kwenye maji yenye mawe yaliyosagwa, mambo yanageuka: kizito kinapanda na povu, chepesi kinabaki chini na kutoka na marudio, yale mabaki yanayotupwa. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na fundi wa hapa ni dawa ya gramu chache kwa tani, iitwayo kikusanyaji.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeanza kazi ya maabara ya uchenjuaji: mwanafunzi wa chuo cha madini, msaidizi wa maabara, au msimamizi wa zamu aliyechoka kuambiwa "ongeza dawa" bila kuambiwa kwa nini. Nitatumia shaba ya salfaidi, yaani iliyoungana na salfa, na kikusanyaji kiitwacho zanthati. Kwa njia hii ya kuelesha ndiyo hupatikana makinikia, neno ambalo wengi walilisikia mara ya kwanza Machi 2017, Serikali ya Tanzania ilipozuia yasisafirishwe nje. Watu walibishana vijiweni kama ni mchanga au ni mali. Ni povu lililochujwa maji na kukaushwa.

Kabla ya kushika chochote: nini hutokea usoni

Molekuli ya zanthati ina kichwa na mkia. Kichwa kina salfa mbili na chaji hasi, na salfa hizo zina uchu wa shaba, risasi na metali za jamaa yake. Mkia ni mnyororo wa kaboni na haidrojeni: kaboni mbili kwa zanthati ya ethili, nne kwa ya butili, tano kwa ya amili. Kichwa kinang'ata chembe ya madini, mkia unabaki nje kama manyoya. Mkia huo ni wa asili ya mafuta, kwa hiyo maji hayaupendi. Mwaga tone la maji juu ya jani la gimbi uone linavyojikunja na kuteleza bila kulowesha. Uso wa chembe iliyovaa zanthati unakuwa hivyo, na kiputo cha hewa kikiugusa kinapata pa kukaa.

Miaka ya 1930 huko Melbourne, Ian Wark na wenzake walipima pembe ambayo kiputo hufanya kinaposhika jiwe lililotiwa zanthati. Kwa zanthati ya ethili pembe ilikuwa takriban nyuzi 60, iwe juu ya galena (jiwe la risasi), iwe juu ya piriti (jiwe la chuma na salfa), iwe juu ya kalkopiriti. Walipoweka ya butili ikapanda hadi kama 74. Maana yake ni kwamba kiputo hakilioni jiwe, kinaona mkia tu. Jiwe lina usemi mahali pamoja: kukubali au kukataa kichwa. Kazi yote ya mchenjuaji iko kwenye kukubali na kukataa huko.

Jambo la pili ambalo wengi hawafundishwi mapema ni kwamba oksijeni inahitajika. Salfaidi nyingi hupitisha umeme. Sehemu moja ya chembe oksijeni iliyoyeyuka majini inachukua elektroni, na sehemu nyingine ya chembe hiyo hiyo zanthati inazitoa. Kwenye galena hutokea zanthati ya risasi, imeshikamana na uso. Kwenye piriti na kalkopiriti, zanthati mbili huungana na kuwa dizanthojeni, kitu cha mafuta mafuta kinachotanda juu ya chembe. Ukiiondoa oksijeni yote majini, zanthati inakosa pa kupeleka elektroni zake na kiputo kinateleza kana kwamba hukutia dawa. Kinu chenye mipira ya chuma huila oksijeni, kwa hiyo rojo, ule mchanganyiko wa maji na jiwe lililosagwa, likitoka kinuni lizungushwe kwa hewa dakika chache kabla ya kulilaumu jiwe.

Hatua ya 1: Jaribio la kiputo kimoja

Fanya hili hata kama maabara yako ina mashine nzuri. Halizidi nusu saa, na litakuonyesha kwa macho kile ambacho mashine itakupa kwa tarakimu.

Tafuta kipande cha kalkopiriti chenye ukubwa wa punje ya hindi au zaidi. Kisugue kwa msasa laini ndani ya bakuli la maji safi, ukikishika kwa koleo ndogo. Usikiguse kwa kidole. Mafuta ya ngozi yako nayo ni kikusanyaji, na nimeona mwanafunzi akishangilia kwatzi "inayoelea" kumbe ni jasho lake. Kikiwa bado chini ya maji, kigeuze uso uliosuguliwa utazame juu, chukua bomba jembamba la kioo au sindano, toa kiputo kidogo kwenye ncha yake na ukibonyeze taratibu juu ya jiwe. Inua. Kiputo kitaondoka na ncha, jiwe litabaki limelowa.

Sasa tengeneza maji yenye miligramu 25 za zanthati ya ethili kwa lita: chukua mililita 2.5 za myeyusho wa asilimia 1 (tutautengeneza hatua ya 2) utie katika lita moja ya maji. Hamishia jiwe humo bila kuliacha likauke, subiri dakika tano, rudia kiputo. Safari hii ukiinua ncha, kiputo kinavutika, kinakuwa na shingo, kisha kinabaki juu ya jiwe. Ukitikisa bakuli kinayumba na hakitoki. Fanya vivyo hivyo kwa kwatzi: hakishiki. Fanya kwa piriti: kinashika. Kisha ongeza sodiamu haidroksaidi kidogo kidogo huku ukipima pH, na kwa kila hatua sugua piriti upya na urudie. Karibu na pH 10.5 piriti itaanza kukikataa kiputo. Kalkopiriti itaendelea kukipokea hadi karibu 11.8. Kati ya namba hizo mbili ndimo unamotenganisha shaba na piriti.

Hatua ya 2: Tengeneza zanthati bila kujiumiza

Zanthati huja kama punje za njano iliyopauka, ndani ya mapipa au mifuko mikubwa. Kwenye lebo utaona herufi kama PAX, yaani ya potasiamu na mkia wa amili, au SIBX, ya sodiamu na mkia wa isobutili. Ina harufu kama ya kabichi iliyooza. Harufu hiyo ikiwa kali kuliko kawaida, dawa imeanza kuharibika.

Inapoharibika, hasa ikikutana na unyevu, joto au asidi, hutoa kaboni disalfaidi. Hapa sitanii. Mvuke wake ni mzito mara mbili na nusu kuliko hewa, kwa hiyo hulala sakafuni na kwenye mitaro. Huwaka kwa cheche ndogo sana, na huweza kujiwasha wenyewe ukigusa kitu chenye joto la nyuzi 90 tu za Selsiasi, joto ambalo bomba la mvuke linalo bila kuonyesha mwali wowote. Pia ni sumu ya mishipa ya fahamu. Basi: stoo kavu, yenye kivuli na hewa inayopita, glavu, miwani na barakoa ya mvuke unapofungua pipa, na pipa tupu lisikatwe kwa gesi wala grainda ili kutengenezwa jiko, hata fundi akikuapia kwamba ameliosha.

Kwa matumizi ya maabara, usipashe maji moto: yafikishe tu pH 10 hivi kwa tone la sodiamu haidroksaidi, kisha yeyusha gramu 1 ya zanthati ufikishe mililita 100. Huo ni asilimia 1, na kila mililita ina miligramu 10. Andika tarehe na saa. Tengeneza mpya kila siku. Ukiona myeyusho umekuwa na ukungu, au vitone vya mafuta vinaogelea juu, hiyo tayari ni dizanthojeni. Usiitumie kwa jaribio unalotaka kuliamini. Mabaki usiyamwage kwenye mtaro unaoelekea mtoni, kwani samaki hawaivumilii zanthati hata kwa kiasi kidogo.

Hatua ya 3: Uso kwanza, dawa baadaye

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo pesa nyingi hupotelea.

Mahali fulani nilipofanya kazi kulikuwa na lundo la mawe lililoachwa nje masika yote. Lilipoanza kulishwa kinuni, shaba kwenye marudio ikapanda. Zamu ya usiku ikaongeza zanthati. Zamu ya mchana ikaongeza juu ya ile. Baada ya siku tatu dozi ilikuwa zaidi ya mara mbili, povu likawa zito lenye piriti tele, na marudio bado hayajashuka. Kila mtu alikuwa na hakika kwamba dawa iliyoletwa ni mbovu.

Mzee mmoja wa maabara akachukua rojo, akalichuja, akapata maji safi kwenye gilasi. Akadondosha zanthati matone matatu. Maji yakageuka ukungu wa njano. Hakusema kitu, akaiweka gilasi juu ya meza ya mkutano.

Njano ile ni zanthati ya shaba. Ndiyo hata asili ya jina: Zeise, mkemia wa Denmark, alipoigundua dawa hii mwaka 1822, aliiita kwa neno la Kigiriki lenye maana ya njano kwa sababu ya mashapo yake na shaba. Ilikaa miaka mia moja hivi kabla Keller hajaipatia hataza ya kueleshea madini huko Marekani mwaka 1925. Kwenye lundo letu, mvua na hewa vilikuwa vimeyeyusha sehemu ya shaba. Shaba hiyo ya majini iliila zanthati kabla haijafika kwenye chembe. Mbaya zaidi, ilikuwa inakaa juu ya piriti na kuipa sura ya shaba, ndiyo maana piriti ilikuwa inapanda. Na kalkopiriti yenyewe ilikuwa imevaa ngozi ya kutu ya haidroksaidi za chuma, ambayo kichwa cha zanthati hakiing'ati vizuri. Dawa ilikuwa nzima. Haikuwa na pa kushika.

Kwa hiyo, kabla ya jaribio lolote:

- Saga sampuli siku ile ile utakayoielesha. Rojo lililolala si rojo lile tena.
- Fanya jaribio la gilasi kwa maji yaliyochujwa. Yakitoa njano, tia chokaa ndani ya kinu, si baada yake, ili shaba ya majini igande kabla dawa haijaja.
- Tumia maji ya kiwandani ukiweza. Maji ya bomba hayana kalsiamu nyingi wala mabaki ya dawa kama yale yanayozunguka na maji ya bwawa, na yatakupa matokeo mazuri ambayo hutayaona tena.
- Angalia matope. Udongo laini sana huganda juu ya chembe za salfaidi na kuzifunika, na zanthati haiondoi udongo.

Usagaji wenyewe unategemea mwamba. Kwa shaba nyingi, asilimia 80 kupita chekeche la kati ya mikroni 75 na 150 ni mahali pazuri pa kuanzia.

Hatua ya 4: Weka pH kabla ya dawa

Chokaa kwanza, zanthati baadaye. Ukibadilisha mpangilio, zanthati itaiwahi piriti na utatumia chokaa nyingi kuifukuza. Ni kama viti vya daladala: aliyekaa kwanza hanyanyuki kirahisi. Ioni za haidroksili na zanthati zinagombea uso ule ule, na kinachoamua ni uwiano wao. Ndiyo maana ukiongeza zanthati, pH uliyozoea haiizuii tena piriti.

Anza na 10.5. Chokaa huizuia piriti zaidi ya sodiamu haidroksaidi kwa pH ile ile, kwa sababu kalsiamu nayo hukaa usoni. Lakini kama dhahabu yako imejificha ndani ya piriti, usiizuie kabisa. Shusha pH na uikusanye yote pamoja. Muulize mjiolojia kabla ya kujisifu kwamba umeitupa piriti.

Hatua ya 5: Elesha

Kwa seli ya lita 2.5 hadi 3, kilo 1 ya jiwe kavu inatosha. Dozi ya kuanzia: gramu 30 kwa tani. Hesabu yake ni rahisi, gramu kwa tani ni sawa na miligramu kwa kilo, kwa hiyo unahitaji miligramu 30, yaani mililita 3 za ule myeyusho. Itie kwa sindano ndani ya rojo linalozunguka, hewa ikiwa imefungwa. Acha dakika mbili. Tia dawa ya povu. Hii hupimwa kwa matone, basi pima kwanza uzito wa matone 20 ujue tone moja lina miligramu ngapi. Acha dakika moja. Fungua hewa.

Kwangua povu kila baada ya sekunde 10, mkono wenye mwendo mmoja, kwenye sahani nne tofauti: dakika ya 1, hadi ya 2, hadi ya 4, hadi ya 8. Tazama. Povu lenye viputo vyeupe vinavyong'aa na kupasuka halijabeba kitu. Povu lililopakwa rangi ya kijivu yenye mng'ao wa shaba limebeba. Povu gumu linalosimama kama ugali na kukataa kutiririka mara nyingi limezidishiwa dawa au lina matope. Baada ya dakika nane chukua kijiko cha marudio, kioshe kwenye kisahani kama mchimbaji anavyoosha kwenye karai, na uangalie kwenye mwanga kama bado kuna njano.

Hatua ya 6: Hesabu, na usidanganywe na namba moja

Chukua mfano. Kilo moja yenye shaba asilimia 1.2 ina gramu 12 za shaba. Kwa dozi ya 30 umepata makinikia gramu 70 yenye asilimia 14: hiyo ni gramu 9.8 za shaba, umeokoa asilimia 81.7. Unaongeza dozi hadi 60. Sasa makinikia ni gramu 115 yenye asilimia 8.9: gramu 10.2, umeokoa asilimia 85.3. Mkubwa wako atafurahia 85. Lakini mzigo wa makinikia umeongezeka kwa zaidi ya asilimia 60, na nyongeza hiyo karibu yote ni piriti na mchanga utakaolipiwa kuoshwa, kukaushwa na kusafirishwa. Kabla ya kushangilia, rudi 30, ongeza dakika za kuelesha au saga laini zaidi kidogo, uone kama zile gramu chache zinakuja zenyewe.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, na rudia kila jaribio angalau mara mbili. Majaribio mawili yanayofanana yakitofautiana kwa asilimia 2, basi tofauti ya asilimia 1 kati ya dawa mbili si habari.

Hatua ya 7: Chagua mkia

Mkia mfupi unachagua, mkia mrefu unazoa. Ethili na isopropili huacha piriti nyingi nyuma. Amili hubeba hata chembe kubwa na zilizooksidika kidogo. Wengi huanza na isobutili katikati, na sioni ubaya. Piriti ikikusumbua sana, jaribu vikusanyaji vya jamii nyingine, dithiofosfati au thionokabamati. Zinaipenda shaba na kuipuuza piriti hata pH ikiwa chini, na utaokoa chokaa.

Kwa mawe ya kijani, malakiti, zanthati peke yake haifai. Uso wake hauna salfa na ngozi ya zanthati hubanduka. Unaupaka salfaidi kwanza kwa sodiamu haidrosalfaidi, polepole, maana ikizidi inazuia kila kitu. Huko Katanga waliwahi kutumia mafuta ya mawese, asidi zake za mafuta zikishika shaba moja kwa moja. Yalifaa kwenye mwamba wa silika. Kwenye dolomiti yalizoa na dolomiti yenyewe, kwa sababu asidi hizo hupenda kalsiamu na magnesiamu vilevile.

Hatua ya 8: Peleka kiwandani

Kinu kinasaga tani 100 kwa saa, dozi ni gramu 30 kwa tani: kilo 3 kwa saa. Tangi la kiwandani lina myeyusho wa asilimia 10, yaani gramu 100 kwa lita, kwa hiyo ni lita 30 kwa saa au mililita 500 kwa dakika. Nenda kwenye mdomo wa bomba na silinda ya kupimia, kinga kwa sekunde 30. Unatakiwa kupata mililita 250. Ukipata 180, zibua bomba na upime tena kabla ya kugusa kitu kingine chochote kwenye ubao wa dozi.